Flash ilivyozimika, lugha ya siku kumi ikabaki

Januari 12, 2021, aliyefungua mchezo au katuni ya Flash kwenye kompyuta yake hakuona mchezo wala katuni. Adobe, kampuni yenye Flash, programu ya nyongeza iliyoendesha kazi hizo ndani ya kivinjari, ilikuwa imeifunga yenyewe kwa mkono wake.

Kisa hiki kilianza zamani. Waliowahi kulipia intaneti kwa dakika kwenye kafe za mjini wanakumbuka kurasa za wavuti zilivyokuwa. Ukibofya kitufe, ukurasa mzima unafutika, kisha unaanza kuchorwa upya toka juu, na saa ya mwenye kafe inahesabu. Watengenezaji walitaka ukurasa ufanye kazi kama programu, ujibu papo hapo bila kukimbilia kwenye seva kwa kila jambo.

Mwaka 1995 yalikuja majibu mawili. Kampuni ya Sun walileta lugha ya Java, na vijiprogramu vyake vya ndani ya kurasa vilivyokuwa vizito kuamka. Netscape, wenye kivinjari, nao walimpa kazi Brendan Eich, akaunda lugha ndogo kwa siku kumi za mwezi Mei. Iliitwa Mocha, ikawa LiveScript, na kabla mwaka haujaisha ikabatizwa JavaScript, ingawa undugu wake na Java ni wa jina tu. Java ndiyo ilikuwa na sifa mjini. Mafundi wengi waliidharau JavaScript, wakaiona ya kutembeza maandishi na kurusha vidirisha vya kero.

Flash ilitoka kwingine. Jonathan Gay na wenzake wa kampuni ya FutureWave walitengeneza FutureSplash Animator, programu ya kuchora katuni, na mwishoni mwa 1996 kampuni ya Macromedia wakainunua na kuibadili jina. Ubora wake ulikuwa kwenye uchoraji: picha ilihifadhiwa kama mistari na hesabu badala ya nukta, hivyo faili likawa jepesi hata kwa laini ya simu. Zaidi ya hapo, kazi ya Flash ilionekana sawa katika kila kivinjari, wakati JavaScript ya Netscape na ya Internet Explorer ziligombana hadi fundi akaandika kazi moja mara mbili. Nani angemlaumu aliyechagua Flash? Mwaka 2005 Adobe walikubali kuinunua Macromedia kwa takriban dola bilioni 3.4, na YouTube ikazaliwa mwaka huohuo ikionyesha video zake kwa Flash.

Kumbe ile lugha ya kudharauliwa ilikuwa imeshapata mguu. Wahandisi wa Microsoft, wakihangaikia barua pepe ya Outlook kwenye wavuti, walitia ndani ya Internet Explorer 5, mwaka 1999, njia ya ukurasa kuomba data kimyakimya bila kufutika. Gmail iliitumia mwaka 2004. Februari 2005 ikaja Google Maps, ramani unayoiburuta nayo inafuata, na mwezi huohuo Jesse James Garrett akaupa mtindo huo jina: Ajax. Mwaka uliofuata John Resig alitoa jQuery, maktaba ya JavaScript iliyowapunguzia mafundi adha ya ugomvi wa vivinjari.

Microsoft walileta Silverlight, mshindani wa Flash, mwaka 2007, sokoni wengine wakikunja mikeka. Mwaka huohuo iPhone ilitoka bila Flash, na Aprili 2010 Steve Jobs wa Apple akaeleza sababu katika barua ya wazi: inakula betri, ina matundu ya usalama, tena ni mali ya kampuni moja. Hoja hiyo ya mwisho kutoka kwa Apple, wenye duka la programu lililofungwa kwa kufuli! Nyani haoni kundule. Hata hivyo, Novemba 2011 Adobe waliacha kutengeneza Flash ya vivinjari vya simu.

Kwa maoni yangu, Flash haikushindwa kwa ufundi. Ilikuwa mpangaji: kila kivinjari kilikuwa nyumba ya mtu mwingine, na mwenye nyumba alipoamua, ikatoka na virago vyake. JavaScript ilizaliwa humo ndani. AngularJS ya 2010, React ya Facebook ya 2013 na Vue ya 2014, zana za kujengea kurasa, zote zimejengwa juu yake.

Michezo na katuni nyingi za zamani bado zipo. Tangu Novemba 2020, Internet Archive ya Marekani inazionyesha kwa Ruffle, programu inayoendesha kazi za Flash ndani ya kivinjari chenyewe, bila msomaji kusakinisha kitu.