Pamba kati ya mbao

Historia ya vyombo vya pwani ya Bagamoyo na Mbegani husimuliwa kwa tanga na mlingoti, ilhali uhai wa chombo umefichika kwenye mwanya mwembamba kati ya mbao mbili. Ukalafati, yaani kuuziba mwanya huo, ndio uliofanya safari ziwezekane. Fundi husokota pamba, huilowesha mafuta ya sifa au ya nazi, kisha huigonga kwa patasi butu na nyundo mpaka ijae mwanya wote. Nje, chini ya usawa wa maji, hupaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa.

Atasema mtu kwamba huo ni ukarabati tu, na fundi wa kweli ni muunzi. Hoja hiyo inasahau mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Vyombo vya kushonwa vilitajwa katika pwani hii tangu karne ya 1, navyo vilivuja kiasi kwamba mabaharia walikuwa wakifua maji safari nzima. Ubao haukai kimya: hufura ukilowa, hunywea ukikauka juani. Uunzi haukomeshi mwendo huo. Pamba laini huufuata. Fibaglasi, ni kweli, haihitaji pamba. Lakini Mbegani penyewe, penye chuo cha uvuvi kilichopata msaada wa Norway, majahazi ya mbao bado hulazwa ufukweni maji yakipwa, na nyundo husikika mpaka yajae tena.