Ufuatiliaji wa maporomoko ya polepole kwa nyuzi za kioo

Poromoko la polepole ni sehemu ya mlima inayoteleza kwa miaka mingi bila kubomoka mara moja. Katika kipimo cha Cruden na Varnes cha mwaka 1996, linalosogea chini ya milimita 16 kwa mwaka ni la polepole mno. Kuanzia hapo hadi mita 1.6 ni la polepole sana. Linalozidi hapo, hadi mita 13 kwa mwezi, ni la polepole. Aina hii ni tofauti na mafuriko ya matope na mawe yaliyozika Bushushu na Nyamukubi, vijiji vya Kalehe katika Kivu, mashariki mwa Kongo, Mei 2023, na kuua zaidi ya watu 400. Yale hayatoi muda wa kupima.

Mfano uliochunguzwa zaidi Kivu ni Funu, ndani ya mji wa Bukavu, ambako takriban watu 80,000 wanaishi juu ya ardhi inayotembea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha picha za miaka 70 hivi na kuonyesha kuwa ujenzi wa mji wenyewe umeongeza mwendo wa poromoko. Vipimo vikuu vilikuwa picha za angani na satelaiti za rada.

Rada hiyo hufanya kazi vizuri juu ya mabati na mawe. Walikale, eneo la msitu la Kivu Kaskazini, ni habari nyingine. Kuanzia Mubi, kwenye barabara ya taifa namba 3 iendayo Kisangani, msitu hufunika miteremko; majani hubadilika kati ya picha moja na nyingine, na alama ya mwendo hupotea. Katika eneo jirani la Masisi, ambako misitu mingi imegeuzwa malisho na mashamba, rada hupata nafuu.

Uzi wa kioo hupima kutoka ndani ya udongo. Unene wake ni mikromita 125 kabla ya kuvikwa ganda na kuwa mkongo. Mashine iliyo upande mmoja hurusha mwanga wa leza, na kiasi kidogo hurudi kutoka kila sehemu ya uzi. Muda wa kurudi hutaja mahali. Kuna mbinu kuu tatu. Ya Bragg hutumia alama zilizochorwa ndani ya uzi, hivyo hupima kwenye nukta chache tu. Ya Brillouin husoma badiliko la masafa ya mwanga unaorudi na kuonyesha uzi umevutwa wapi, kwa makumi ya kilomita. Joto pia hubadilisha masafa hayo, kwa hiyo uzi wa pili, uliolegezwa ndani ya mrija, huwekwa kando ili kulitenganisha. Ya Rayleigh husikiliza mitikisiko na mivutano midogo kabisa.

Ulazaji ndio unaoamua thamani ya kipimo. Mtaro hukata ukingo wa poromoko, kutoka ardhi iliyotulia hadi inayosogea, na udongo hushindiliwa ili uushike mkongo barabara. Kisima kilichochimbwa wima na kutiwa uzi huonyesha kina cha tabaka linaloteleza, jambo ambalo satelaiti haiwezi kuliona.

Kikomo chake ni uvumilivu wa kioo. Mita moja ikivutwa sentimita moja tayari ni mzigo mkubwa, na mikongo mingi hukatika ikivutwa zaidi. Palipokatika hujulikana, lakini kipimo cha mbele ya hapo hupotea. Mashine nayo hudai umeme wa kudumu na ulinzi, mambo mawili yaliyo adimu Walikale.

Kwa hiyo uzi wa kioo si chombo cha ardhi iliyokwisha kuachana kwa mita nzima. Unafaa zaidi kwenye miteremko iliyokatwa kandokando ya barabara chini ya msitu, nyufa zinapoanza tu.