Walimpima Mama, Watoto Wakapita

Agosti 1975 Tanzania iliwapima watu wazima kusoma na kuandika, nchi nzima. Mama yangu alikuwamo. Alisoma ngumbaro, darasa la watu wazima, kila alasiri akitoka shamba, na siku ya mtihani alijifunga kanga mpya kama anayekwenda harusini. Matokeo hayakumwambia amefaulu wala ameanguka. Yalimwambia yuko hatua ya pili: sentensi fupi anaisoma, lakini gazeti bado. Hatua zilikuwa nne, na aliyefika ya nne ndiye aliyehesabiwa kuwa kisomo chake kinamfaa maishani. Mama alijua alipo na kilichobaki, akarudi darasani bila kinyongo.

Kazi ile ya ngumbaro ilikuwa kubwa kuliko tunavyoikumbuka. Mwaka 1967 watu wazima 67 hivi katika kila 100 hawakujua kusoma. Mwaka 1975 walibaki 39, na ilipofika 1986 hesabu ya serikali ilishuka chini ya 10. Vitabu vingi vya mwanzo vilitokana na mradi wa Mwanza uliosaidiwa na UNESCO tangu 1968, kila kitabu na kazi yake: pamba, migomba, uvuvi. Mkulima wa pamba alianza na neno alilolishika kwa mikono yake.

Sisi watoto hatukupimwa hivyo. Tulikuwa na madarasa.

Na si kwamba pwani hatukujua njia nyingine. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, mtoto wa miaka sita alikaa mkeka mmoja na wa miaka kumi na mbili, kila mmoja na kibao chake na sauti yake. Mgeni akitaka kukujua aliuliza umefika wapi. Upo kwenye herufi na irabu zake, au umeanza kuunganisha, au umeshaingia juzuu ya Amma? Mmoja alihitimu mapema akapikiwa pilau, mwenzake akaota ndevu hajahitimu, na hakuna aliyeona nchi imeharibika. Skuli ndiyo iliyoleta swali jipya: uko darasa la ngapi?

Swali hilo lilikuwa na maana pale mlango ulipokuwa mwembamba. Enzi za mkoloni, na miaka ya kwanza ya uhuru, mtihani wa darasa la nne ulikuwa chekeche. Wengi waliishia hapo, kwa hiyo aliyefika la tano alikuwa msomaji kweli. Ilikuwa dhuluma, sina neno jingine, na kuiondoa katikati ya miaka ya sabini ilikuwa haki. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likataka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, nasi vijana tuliomaliza darasa la saba tukachukuliwa kuwa walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, tukijifunza kazi huku tukiifanya.

Tulichodaiwa ni idadi. Walioandikishwa wangapi, mahudhurio vipi, madawati mangapi. Waratibu wa elimu walikagua daftari la mahudhurio na azimio la kazi. Sikumbuki mmoja aliyemwita mtoto mbele akamwambia nisomee hapa. Darasa zima lilisoma kwa pamoja, na ile sauti ya pamoja ilificha mengi. Siku moja nilimgeuzia mtoto wa darasa la tatu kitabu juu chini, naye akaendelea kusoma ukurasa wote, hakukosea hata nukta. Alikuwa anaukumbuka. Kwenye daftari alikuwa darasa la tatu na ndivyo nilivyomwandika.

Ajabu ni kwamba taifa lililokwisha kumwambia mama yangu hatua yake kwa usahihi halikumwambia yule mtoto lolote.

Ilichukua muda mrefu swali la chuoni kurudi. India, shirika la Pratham lilianza mwaka 2005 kuwapima watoto nyumbani kwao kwa karatasi moja. Mpango wa Uwezo ukaichukua njia hiyo na kuileta Kenya, Uganda na Tanzania. Silabi, neno, aya, hadithi ya kiwango cha darasa la pili: mtoto anasoma peke yake, mama akisikia. Taarifa ya kwanza ya Tanzania, ya 2010, ilionyesha kwamba katika darasa la tatu takribani watatu tu kati ya kumi waliweza ile hadithi ya Kiswahili, na kati ya wanaomaliza darasa la saba, mmoja kati ya watano hakuiweza. Wakubwa walilalamika. Mimi nilimkumbuka wa kitabu juu chini.

Baadaye serikali ikaipa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, nafasi yake katika madarasa mawili ya mwanzo, na likaja lengo la maneno 50 kwa dakika. Hapo nina wasiwasi kidogo. Chuoni tulisoma kwa kasi ya mvua, Kiarabu safi, na maana yake hatukuijua wengi wetu. Ndiyo maana kipimo kizuri humrudia mtoto kwa maswali baada ya ile dakika: nani alikwenda sokoni, kwa nini alilia? Maswali hayo ndiyo ya kwanza kuachwa mwalimu akizidiwa. Akiwa na watoto 90, na kila mmoja akihitaji dakika tano peke yake, hiyo ni saa saba na nusu, na wale 89 wengine wanahitaji mtu wa kukaa nao.