Kabla hujanunua kaseti tupu za zamani, angalia mambo haya 6

Kaseti tupu za miaka ya 1980 na 1990 ambazo hazijawahi kufunguliwa bado zinauzwa, mtandaoni na kwenye maduka ya vitu vya zamani. Shida ni kwamba kwenye mzigo mmoja unaweza kukuta kaseti nzima, iliyoharibika na feki, zote zinang'aa kwa nje.

Kaseti ilizinduliwa na Philips mjini Berlin mwaka 1963. Leo viwanda vinavyotengeneza utepe mpya ni vichache, vikiwemo National Audio Company ya Marekani na Recording the Masters ya Ufaransa. Karibu kaseti zote mpya ni Type I, ndiyo maana Type II na Type IV za zamani bei yake imepaa.

Haya ndiyo ya kuangalia kabla hujatoa hela.

1. Aina ya utepe

Type I ni ya kawaida, inakubali kwenye redio kaseti yoyote. Type II, ambayo wengi huiita "Chrome", na Type IV, yaani "Metal", zinataka mashine iliyotengenezwa kwa ajili yake. Ukirekodi Metal kwa redio ya kawaida, sauti haitoki vizuri, na hata kuifuta baadaye inasumbua. Kama unarekodi mazungumzo, mawaidha au simulizi za bibi, Type I inatosha kabisa. Usilipie zaidi bure.

2. Dakika

C60 ni dakika 30 kila upande, C90 ni 45 na C120 ni 60. Kadiri dakika zinavyoongezeka ndivyo utepe unavyokuwa mwembamba. C120 hukatika au kuliwa na mashine kirahisi, hasa mashine chakavu. Kwa kitu unachotaka kidumu, chukua C60 au C90.

3. Ilikaa wapi?

Umri peke yake hauui kaseti. Joto na unyevu ndivyo vinavyoiua. Kaseti ya mwaka 1985 iliyokaa kabatini pakavu inaweza kuwa nzima kuliko ya mwaka 2000 iliyokaa stoo yenye unyevunyevu. Kwa miji ya pwani kama Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, swali hili ni la kwanza kumuuliza muuzaji.

Kama kaseti imefunguliwa, chungulia kwenye kidirisha chake. Ukiona madoa meupe kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu. Iache, kwa sababu unaweza kuhamia kwenye mashine yako na kaseti nyingine.

4. Kile kitambaa kidogo cha katikati

Upande ulio wazi wa kaseti kuna kipande kidogo cha kitambaa kinachousukuma utepe ugusane na hedi ya mashine. Gundi yake hukauka na kitambaa kikadondoka, hata kama kaseti haijawahi kutumika. Kikitoka, sauti inafifia na kupotea. Fundi anaweza kukibadilisha, ila hakikisha bei inapungua.

5. Feki

TDK, Sony na Maxell zilighushiwa sana. Angalia maandishi yaliyofifia au herufi zilizokosewa, plastiki nyepesi, na karatasi ya nailoni isiyo na kile kiutepe cha kuchania. Nailoni peke yake si ushahidi, kwani hata kaseti feki hufungwa upya. Nunua moja kwanza, rekodi, sikiliza, ndipo urudi kuchukua boksi zima.

6. Ni tupu kweli?

Kaseti nyingi zinazouzwa kama "tupu" zilishatumika. Ukiona maandishi ya mkono, isikilize pande zote mbili kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi. Inaweza kuwa na harusi, hotuba au sauti ya marehemu wa familia fulani, na hakuna nakala nyingine popote. Ukishairekodia juu, ile ya mwanzo hairudi.

Angalia pia vijino viwili vya mgongoni. Vikiwa vimevunjwa, mwenye kaseti alitaka isifutwe, na mashine itakataa kurekodi. Ukisharidhika kwamba haina kitu cha thamani, ziba tundu kwa selotepu.

Ukishafika nayo nyumbani

Usirekodi papo hapo. Peleka utepe mbele hadi mwisho, kisha urudishe wote, maana umekaa umejikunja kwa miaka mingi na tabaka zake zinaweza kuwa zimeshikana. Ukianza kurekodi, acha sekunde chache za mwanzo zipite kwa sababu kipande kile hakishiki sauti.

Halafu weka nakala kwenye simu au kompyuta, na kaseti yenyewe iwe mbali na spika, kwani sumaku yake inaweza kuharibu ulichorekodi.