Moto na Mlinzi Wake: Nyumba za Tanga kutoka Mafiga hadi Friji

Swali la usalama wa kuacha chombo cha umeme kikifanya kazi ndani ya nyumba isiyo na mtu ni geni katika historia ya Tanga na pwani ya kaskazini ya Tanzania, kwa sababu ili liulizwe hapana budi mambo mawili yakutane: chombo kinachoweza kuendelea na kazi bila mkono wa mtu, na nyumba inayoweza kufungwa ikabaki tupu mchana kutwa. Kwa muda mrefu, kuanzia Pangani hadi Moa karibu na mpaka wa Kenya, la kwanza halikuwapo na la pili lilikuwa nadra. Moto wa nyumbani ulikuwa na mtu wake, kwa kawaida mwanamke mtu mzima wa nyumba hiyo, ambaye kabla ya kutoka ilimpasa aamue la kufanya na makaa yake.

Mpangilio wa nyumba ya Kiswahili wenyewe ulikuwa kinga. Nyumba ya kawaida ilijengwa kwa miti na fito, ikakandikwa udongo na kuezekwa makuti, yaani majani ya mnazi yaliyoshonwa kwenye ufito, na paa la namna hiyo likishakaushwa na jua la kaskazi, cheche moja hulitosha. Mbele palikuwa na baraza ya kukalia wanaume na wageni, katikati ukumbi wenye vyumba pande mbili, na nyuma ua. Na ni huko uani, mbali na vyumba vya kulala, ndiko yalikowekwa mafiga, mawe matatu ya kutegea chungu. Moto wa mafiga haukuzimwa kila baada ya pishi, bali ulifukiwa, kwa maana ya kufunikwa majivu ili kaa lidumu hadi jioni au alfajiri, na aliyekuta kaa lake limekufa alikwenda kuomba moto kwa jirani akarudi na kinga kinachofuka moshi. Hata mapishi yenyewe yalikuwa na saa zake za kuachwa peke yake: wali ulipokaribia kukauka ulipaliwa, yaani makaa yaliwekwa juu ya kifuniko na machache yakabaki chini, kisha mpishi akaendelea na shughuli nyingine. Kuacha chombo kikifanya kazi, basi, si uvumbuzi wa zama za umeme. Tofauti ni kwamba aliyepalia wali alikuwa hatua chache tu kutoka ulipo, na pua yake ilikuwa kazini hata macho yake yalipokuwa kwenye ukili anaousuka.

Dini nayo ilikuwa na neno katika jambo hili. Miongoni mwa hadithi zilizomo katika mikusanyiko ya Bukhari na Muslim, ambayo masheikh wa pwani wamekuwa wakiifundisha kwa vizazi, yamo maagizo ya Mtume ya kuzima moto na taa kabla ya kulala, pamoja na sababu iliyo wazi kwa mtu yeyote aliyewahi kuishi chini ya paa la makuti: panya huweza kuuvuta utambi unaowaka na kuwaunguza wenye nyumba. Kwa upande wa mila, maelezo ya zamani kuhusu Siku ya Mwaka, sikukuu ya mwaka mpya wa jua iliyoadhimishwa katika miji mingi ya Waswahili, yanataja desturi ya kuzima mioto ya zamani na kuwasha mpya kwa kupekecha, ambako ni kuzungusha kijiti juu ya kingine hadi kitoe moto. Kwa tafsiri yoyote itakayopewa desturi hiyo, kwa siku moja katika mwaka majivu yote yalizolewa, na kila mwenye nyumba akajua moto wake umeanzia wapi.

Mafuta ya taa, yaliyofika kwa wingi katika bandari za Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 kutoka Marekani na Urusi, yaliuingiza moto chumbani. Yaliletwa ndani ya debe, bati la pembe nne lenye ujazo wa lita 18 hivi, ambalo baada ya kumalizika mafuta lilitumika kutekea maji na kupimia nafaka, na hatimaye likanyooshwa kuwa kipande cha paa, kiasi kwamba chombo kilicholeta hatari mpya ndicho pia kilichoanza kuiondoa ile ya zamani ya makuti. Kutokana na mabati madogo zaidi mafundi walitengeneza kibatari, taa ya utambi mtupu isiyo na kioo. Wenye uwezo wakanunua chemli, ambayo kioo chake huuzuia mwali usifikiwe na upepo wala chandarua. Kibatari kiliachwa kikiwaka karibu na mtoto mgonjwa au mzazi aliyejifungua, na hapo ndipo mafundisho kuhusu panya na utambi yalipopata uzito wake wote.

Serikali ya Wajerumani, ambayo kanuni zake za ujenzi za mwaka 1891 zilitenga maeneo ya majengo ya kudumu na ya vibanda huko Dar es Salaam, iliipanga Ngamiani ya Tanga kwa barabara zilizonyooka na kukatana, ambazo hadi leo huitwa kwa namba. Upana wa barabara hizo ulisaidia moto usiruke kwa urahisi kutoka safu moja ya nyumba hadi nyingine.

Umeme wa kuuziwa watu katika Tanzania Bara ya leo ulianzia Dar es Salaam mwaka 1908, ukihudumia karakana za reli na sehemu ya mji walimokaa Wazungu. Tanga ilisubiri. Mwaka 1931 iliundwa kampuni ya Tanganyika Electric Supply, asili ya jina TANESCO, ambayo mwaka uliofuata iliangukia mikononi mwa kampuni ya umeme ya Kenya, East African Power and Lighting. Na katikati ya miaka ya 1930 maporomoko ya Mto Pangani yakaanza kuzungusha mitambo. Wateja wakubwa walikuwa mashamba ya mkonge, zao lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ambayo mashine zake za kusaga majani zilihitaji nguvu nyingi; mji wa Tanga ulipata sehemu yake, na ndani ya mji huo nyumba za upande wa Ras Kazone zilitangulia mbali mbele ya zile za Ngamiani. Katika nyumba hizo za kwanza za umeme swali la nani abaki na vyombo halikuulizwa, kwa kuwa mpishi, yaya na mlinzi walikuwapo saa zote. Mashambani zaidi, ambako nyaya hazikufika, lilitumika friji la mafuta ya taa, lililotokana na uvumbuzi wa Wasweden wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922, ambalo hupoza kwa kuchemsha mchanganyiko wa amonia na maji kwa mwali mdogo usiozimwa usiku wala mchana. Mwali huo ulilindwa na mtumishi wa kulipwa mshahara, ambaye kukata utambi na kujaza tangi ilikuwa sehemu ya kazi yake.

Kituo cha umeme cha Hale, chenye uwezo wa megawati 21, kilipoanza mwaka 1964, na serikali ilipokuwa ikiichukua TANESCO kutoka kwa wenye hisa wa Kenya, umeme uliingia polepole katika nyumba za kupangisha za Ngamiani, Makorora na Chumbageni. Wayaringi, yaani mtandao wa nyaya ndani ya kuta, ulikadiriwa kwa matumizi ya wakati ule: taa chache, redio na labda pasi moja. Baadaye kila mpangaji alileta vyombo vyake, na hapo likajitokeza jambo ambalo mafiga hayakuwahi kulifundisha, kwamba moto wa umeme hukaa ndani ya ukuta na hauna moshi hadi umechelewa. Joto la waya huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo, hivi kwamba mkondo ukizidi mara mbili joto huwa mara nne. Na penye kiungo kilicholegea joto hilo hukusanyika mahali pamoja. Hewa ya chumvi ya pwani hula shaba na skrubu za soketi, na chombo kilichochomekwa miaka kumi bila kuguswa ndicho ambacho kutu yake haionekani. Isitoshe, plagi ya pini tatu za mviringo iliyoenea hapo awali haina fyuzi ndani yake, tofauti na ile ya pini bapa iliyowekewa viwango nchini Uingereza mwaka 1947. Na ile ya pini mbili inayokuja na vyombo vingi vya bei nafuu huingizwa kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu, hila ambayo karibu kila mtoto wa mjini anaijua na ambayo huiacha plagi ikishikilia nusu nusu.

Hata hivyo, chombo kinachostahili nafasi kubwa zaidi katika historia hii ni pasi. Pasi ya makaa, yenye tumbo la chuma na kifuniko chenye jogoo au kishikizo cha mbao, ilikuwa na wema mmoja: ikisahauliwa hupoa yenyewe. Pasi ya umeme, inayotumia wati 1,000 au zaidi, haina mwisho wa namna hiyo, na hatari yake iliongezwa na mgao wa umeme, ukataji wa zamu uliozoeleka tangu ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulipopunguza maji kwenye mabwawa. Mtu anapiga pasi asubuhi, umeme unakatika, anaiacha ikiwa imelala juu ya shuka kwa kuwa imeshakuwa chuma baridi, anavaa nguo ambayo haikunyooka vizuri na kufunga mlango. Saa nne umeme unarudi. Hakuna kosa lililofanyika wakati moto unaanza, wala hakuna mtu wa kulifanya.

Nyumba, wakati huo, ilikuwa imeanza kubaki tupu. Viwanda vya Tanga vya miaka ya 1970, elimu ya msingi kwa wote iliyosimamiwa kwa nguvu kuanzia mwaka 1977, na biashara ndogo za wanawake viliwatoa watu nyumbani saa zilezile za mchana, huku madirisha yakitiwa nondo dhidi ya wezi, nondo ambazo humzuia pia jirani anayetaka kuingia na ndoo ya maji. Baraza zilibaki, lakini aliyekaa barazani hakuweza tena kunusa kinachoendelea nyuma ya mlango wa chuma. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo sheria yake ni ya mwaka 2007 na namba yake ya dharura ni 114, hupigiwa na anayeona moshi, na kwa nyumba iliyofungwa moshi huonekana mwisho.

Friji la umeme limekamilisha mgeuko huo, kwa kuwa ndilo chombo cha kwanza cha umeme ambacho kukizima wakati wa kutoka ni hasara: samaki wa mchuuzi huharibika, barafu na aiskrimu za vifuko za kuuzia wanafunzi huyeyuka. Kinachohofiwa zaidi na wenye friji ni umeme unaporudi, pale volti zinapopanda na kushuka na kompresa, mashine inayosukuma gesi ya kupoza, inapolazimishwa kuanza kabla shinikizo ndani yake halijatulia. Zamani kidogo aliyebaki nyumbani alichomoa waya mara umeme ulipokatika na kuurudisha baada ya kuona taa za mtaa zimetulia. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kifaa kidogo kinachoitwa friji gadi, ambacho husubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme, na ambacho chenyewe hubaki kimechomekwa ukutani usiku na mchana.