Umri, Damu na Uanaume: Namba Moja Haitoshi



Mwaka uliopita, nikiwa na miaka 46, nilianza kuchoka kabla jua halijachwa. Nikitoka kazini sikuwa na hamu hata ya kwenda barazani. Kilo zimeongezeka, usingizi umepungua, na yale mambo ya chumbani ambayo hatuyataji hadharani nayo yalikuwa yamelegea. Rafiki yangu mmoja akanikatia hukumu: "Wewe homoni zimekwisha." Nikaenda maabara moja mjini saa tisa alasiri, tumbo limejaa biriani na glasi mbili za maji ya ukwaju. Karatasi ilipotoka, testosteroni yangu ilikuwa nanomoli 8.6 kwa lita, chini ya kiwango cha kawaida. Kabla sijafika mlangoni, nilikuwa nimeshatajiwa bei ya sindano.

Alhamdulillah, sikudungwa. Nilikwenda kwanza kwa daktari, na niliyoyajifunza kwake na katika kusoma kwangu ndiyo makala ya leo. Najua si mimi peke yangu. Wanaume wengi wa umri wangu wanabeba swali hili kimyakimya, na penye kimya ndipo wauza dawa wanapopata soko.

HOMONI INATOKA WAPI

Testosteroni ya mwanamume hutengenezwa zaidi na korodani, lakini amri hutoka kichwani. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo iitwayo pituitari. Tezi hiyo humwaga katika damu homoni inayoitwa LH, na LH ikifika kwenye korodani huziambia zifanye kazi. Testosteroni ikitosha, ubongo hupunguza amri, ikipungua, huongeza. Shikeni jambo hili, tutalirudia tukifika kwenye sindano.

Homoni hii ndiyo inayokoza sauti ya kijana na kumuotesha ndevu. Hujenga misuli, huimarisha mifupa, husaidia kutengeneza chembe nyekundu za damu, na huhusika na hamu ya tendo la ndoa na utengenezaji wa mbegu za uzazi.

Kiwango chake hufika kileleni katika ujana. Kuanzia miaka ya 30 au 40 hupungua taratibu, kwa wastani kama asilimia 1 kwa mwaka. Mwanamke ana wakati ambapo hedhi hukoma na homoni zake hushuka sana. Mwanamume hana mpaka wa namna hiyo. Kwetu sisi ni kama maji kupwa, yanaondoka bila ya mtu kuona yalipoanzia.

WABEBAJI WA HOMONI

Hapa ndipo nilipokuwa sijui kitu. Testosteroni haizunguki peke yake katika damu. Karibu yote hubebwa na protini, na wabebaji wakubwa ni wawili.

Wa kwanza huandikwa SHBG kwenye karatasi za maabara. Ni globulini inayotengenezwa na ini, na huishika homoni kwa nguvu. Iliyoshikwa humo ni kama abiria aliyefungiwa mlango, mwili hauwezi kuitumia kwa urahisi. Wa pili ni albumini, ambayo pia hutoka kwenye ini na ni nyingi mno katika damu. Hii huishika homoni kilegevu, kama tuktuk: abiria hupanda, akifika kwake hushuka. Inayobaki huru kabisa, bila ya mbebaji, ni kama asilimia 2 tu.

Sasa angalieni umri unavyofanya. Kule Massachusetts, Marekani, watafiti walianza mwaka 1987 kuwafuatilia wanaume 1,709 wenye umri wa miaka 40 hadi 70. Waliona kwamba kadiri umri ulivyosogea, testosteroni ilishuka huku SHBG ikipanda. Maana yake, hasara ni mara mbili: homoni inapungua, na ile iliyopo inafungiwa zaidi. Ndiyo maana testosteroni huru hushuka haraka kuliko jumla yake.

Chukueni mfano wa watu wawili, kijana na mzee, wote jumla yao ni nanomoli 14 kwa lita. Kijana ana SHBG ya 25, mzee ana ya 70. Ukipiga hesabu wanayotumia madaktari, huku albumini zao zikiwa sawa, testosteroni huru ya kijana ni kama pikomoli 330 kwa lita, ya mzee ni kama 170. Namba ya juu ya karatasi ni moja, lakini mzee anapata nusu tu.

Umri si sababu pekee. Unene na kisukari cha ukubwani hushusha SHBG, kwa hivyo mtu mnene anaweza kuonekana ana jumla ndogo ilhali iliyo huru haijapungua sana. Ini likisinyaa kwa ugonjwa, au tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, SHBG hupanda. Albumini nayo hupungua kidogo uzeeni, lakini ikishuka sana tafuta ugonjwa wa ini, wa figo, au lishe duni, usisingizie miaka.

KIPIMO KINA ADABU ZAKE

Daktari alipoiona karatasi yangu hakuniuliza kuhusu nguvu. Aliniuliza: "Sheikh, ulipimwa saa ngapi, na ulikuwa umekula nini?"

Testosteroni huwa juu asubuhi. Kwa wanaume wa miaka 30 hadi 40, kipimo cha saa kumi alasiri huweza kuwa chini kwa asilimia 20 hadi 25 kuliko cha saa mbili asubuhi. Kwa mzee wa miaka 70 tofauti hiyo ni ndogo zaidi. Kula, hasa vitu vya sukari, huishusha kwa muda. Kukosa usingizi na kuugua pia hushusha. Kwa hivyo kipimo cha haki huchukuliwa kati ya saa moja na saa nne asubuhi, kabla ya kula, baada ya usiku wa kulala vizuri, na kikiwa chini hurudiwa siku nyingine. Jumla ikiwa karibu na mpaka, au mtu ni mnene au mzee, hupimwa na SHBG ili ijulikane iliyo huru. Mimi nisingepima katika Ramadhani, wakati tumegeuza usiku kuwa mchana.

Na hata namba ikiwa ndogo, si lazima iwe ugonjwa. Utafiti mwingine uliwachunguza wanaume zaidi ya 3,000 wenye miaka 40 hadi 79 katika miji minane ya Ulaya. Waliokuwa na homoni ndogo pamoja na dalili tatu za wazi za upungufu wa nguvu za kiume walikuwa asilimia 2 hivi tu. Wengi wetu tunaolalamika, chanzo ni kingine: sukari, presha, uzito, sigara, dawa tunazokunywa, au mawazo. Nguvu zikipotea, huenda mishipa ya damu inatoa onyo la moyo.

SINDANO NA UNGA

Kutafuta ujana kwenye chupa ni jambo la zamani. Mwaka 1889, Brown-Séquard, daktari mashuhuri mzaliwa wa Mauritius, bahari yetu hii hii, akiwa na miaka 72 huko Paris alijidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za wanyama na kutangaza kuwa amerudi ujanani. Baadaye ilifahamika kuwa maji yale hayakuwa na homoni ya kutosha kufanya lolote. Aliponywa na imani yake.

Sindano za leo zina homoni ya kweli, na kwa mgonjwa wa kweli chini ya daktari ni matibabu mazuri. Lakini kumbukeni ile amri ya kichwani. Ukiingiza testosteroni kutoka nje, ubongo huona imetosha na kuacha kutuma LH. Korodani hulala, na mbegu za uzazi huweza kupungua hadi kuisha. Mimi na mke wangu bado tunamuomba Mwenyezi Mungu mtoto mwingine. Sindano ile ningeidunga kutafuta uanaume, na ingeniziba mlango wa uzazi bila ya mtu kuniambia. Pia huweza kuifanya damu iwe nzito kupita kiasi, kwa hivyo lazima damu ichunguzwe.

Ama unga na vidonge vya "mitishamba" vya vichochoroni, wachunguzi wa dawa katika nchi mbalimbali wamekuta vingine vimechanganywa kwa siri na dawa za hospitalini za nguvu za kiume. Kwa mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, mchanganyiko huo huweza kuua.

USISAHAU TEZI DUME

Kuna protini moja zaidi tunayopaswa kuijua: PSA, inayotoka kwenye tezi dume. Hupanda na umri kwa sababu tezi yenyewe hukua. Ikiwa juu si lazima iwe saratani. Uvimbe wa kawaida au maambukizi huipandisha pia. Lakini saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanaume wa Kenya, na kabla ya kuanza testosteroni daktari huitazama PSA. Ukivuka miaka 50, zungumza naye. Ikiwa baba au ndugu yako aliugua, zungumza mapema zaidi.

Mimi nilirudia kipimo asubuhi, sijala, nimelala. Jumla ilikuwa 12.9, na iliyo huru haikuwa na tatizo. Kilichokuwa juu ni sukari. Dawa niliyopewa ni kutembea, kupunguza wali wa usiku na kulala mapema, na nafuu nimeiona.

Mola wetu ametueleza katika Sura ya Rum kwamba baada ya nguvu hutujia udhaifu na mvi. Kuzeeka si aibu. Aibu ni kumficha mke na daktari, kisha siri yetu tukampa muuza unga. Wabillahi taufiq.