Kutafuta Madini ni Kutafuta Maarifa: Funzo la Kilombero na Mahenge

Kivukoni ni mahali ambapo barabara ya kutoka Ifakara inauvuka mto Kilombero kuelekea Mahenge. Upande mmoja wa mto kuna bonde la mpunga na miwa. Upande wa pili kuna milima ya Ulanga, ambayo miamba yake ina kinywe, rubi na spineli. Katika miaka ya karibuni milima hiyo imewavuta wachorongaji na wenye mitaji kutoka ng'ambo, na wananchi wameambiwa mara nyingi kwamba mgodi unakuja. Makala haya yanakusudia kuwasaidia makada na wanafunzi kulijibu swali moja: matumaini ya madini yapimwe vipi, na nani ayapime? Msimamo wetu ni kwamba taifa ambalo halijui lenyewe kilichomo ardhini mwake linayamiliki madini kwa jina tu.

1. Dalili si mgodi

Yafaa kwanza tuyatenganishe mambo yanayochanganywa. Kuna dalili, yaani jiwe lililookotwa au mwamba ulioonekana. Kuna mashapo, yaani madini ambayo wingi na ubora wake umekadiriwa baada ya kuchoronga na kupima sampuli. Kuna akiba, yaani ile sehemu ya mashapo inayoweza kuchimbwa kwa faida, kwa bei, umeme na usafiri uliopo. Mwisho ndipo kuna mgodi. Bei ikishuka, akiba hurudi kuwa mashapo tu bila jiwe hata moja kusogea mahali pake.

Tuchukue mfano wa kinywe. Kinywe ni kaboni iliyopikwa kwa joto na mgandamizo mkubwa ndani ya miamba ya kale. Kwa kuwa kinapitisha umeme, vyombo vinavyobebwa na ndege vinaweza kukitambua kabla shimo la kwanza halijachimbwa. Lakini ndege haiwezi kusema vipande vyake ni vikubwa au vidogo, wala usafi wake ni wa kiasi gani, na hayo ndiyo yanayoamua bei. Kwa hiyo mtu akitangaza mamilioni ya tani, kada ana haki ya kuuliza: zimepimwa kufikia hatua gani?

2. Maarifa chini ya ukoloni

Historia inatufundisha kwamba mkoloni alilielewa jambo hili mapema. Kati ya 1895 na 1897 Wilhelm Bornhardt, mhandisi wa migodi wa Kijerumani, alizunguka kusini mwa koloni akiandika habari za miamba yake. Kitabu chake kilichapwa Berlin mwaka 1900. Miaka mitano baadaye watu wa Mahenge waliishambulia boma ya Wajerumani katika Vita vya Majimaji. Wao waliilima ardhi hiyo na kuifia, lakini ramani ya miamba yake ilisomwa Ulaya.

Waingereza walianzisha idara ya jiolojia katika miaka ya 1920, makao yake yakiwa Dodoma. Kazi yake ilikuwa ya maana, na ramani zake zinatumika mpaka leo. Hata hivyo mfumo ulimpa mali yule aliyefika kwanza akiwa na mtaji na elimu. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aligundua mwamba wa almasi Mwadui, Shinyanga, na mgodi ukawa mali yake binafsi. Alipofariki mwaka 1958, warithi wake waliuza, na De Beers ikagawana mgodi huo nusu kwa nusu na serikali ya kikoloni. Wasukuma waliokuwa wakichunga juu ya almasi hizo hawakuwa na sauti katika mauzo hayo.

3. Reli iliyopitisha shaba ya wengine

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliyahesabu madini miongoni mwa njia kuu za uchumi, na mwaka 1972 likaundwa Shirika la Madini la Taifa. Wakati huo huo bonde la Kilombero lilipata nyenzo ambayo maeneo mengi yenye madini hayana: reli. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nayo inapita Ifakara na Mlimba. Shabaha yake ilikuwa kuikomboa shaba ya Zambia, ambayo baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965 ilikuwa imebanwa kwenye njia za kusini. Huo ulikuwa wajibu wa kimapinduzi, na tuliutimiza. Lakini tuone pia upande wa pili: kwa miongo mingi wakulima wa Ifakara waliangalia shaba ya mbali ikipita, huku milima iliyo ng'ambo ya mto wao ikingoja.

Mto wenyewe ulikuwa sehemu ya kungoja huko. Kila mzigo wa Mahenge ulipangwa foleni Kivukoni. Januari 2016 kivuko kilipinduka wakati wa upepo na mvua kali, na watu wakapoteza maisha. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa Mei 2018. Daraja hilo halikuongeza hata kilo moja ya kinywe milimani, lakini lilibadili hesabu ya kukisafirisha. Hapo tunaona kwamba akiba ya madini hujengwa pia kwa saruji na chuma.

4. Onyo kutoka Kabanga

Asiyeamini atazame kaskazini magharibi. Nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, iligunduliwa katika miaka ya 1970 kwa utafutaji uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa. Tangu hapo makampuni makubwa ya dunia yalipokezana leseni na kuchoronga, yakaongeza takwimu, lakini mgodi haukufunguliwa. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2017, leseni ya zamani ikafutwa mwaka 2018, na Januari 2021 ukatiwa saini mkataba mpya ulioipa Serikali asilimia 16 ya hisa. Kwa karibu nusu karne kizazi kizima cha Ngara kilizeeka kikisikia habari za mgodi. Umbali na upungufu wa umeme na reli vilikuwa na nguvu kuliko utajiri wa mwamba. Na kwa mwenye leseni, kungoja kwenyewe kunaweza kuwa faida, maana leseni huuzwa.

5. Mahenge na wajibu wetu

Mkataba wa kinywe cha Mahenge ulifuata Desemba 2021, kwa kiwango kile kile cha asilimia 16, na wa Epanko mwaka 2023. Mashapo ya mradi wa Mahenge yamekadiriwa kuzidi tani milioni 200 za mwamba wenye kinywe. Kinywe ni malighafi ya betri za magari ya umeme, na China ndiyo inayosafisha sehemu kubwa mno ya kinywe cha betri duniani. Ilipoweka masharti ya vibali vya kukiuza nje, Desemba 2023, mataifa ya viwanda yalishtuka. Nguvu hiyo ilitoka viwandani zaidi kuliko shimoni, nasi tukiuza unga wa kinywe ghafi tutakuwa tumerudia njia ya pamba na mkonge.

Hata hivyo mizani ya mwisho iko kijijini. Epanko, suala la uthamini, fidia na kuhama lilijadiliwa kwa miaka mingi kabla ya mgodi kuanza. Mkulima ambaye nyumba yake imethaminiwa hajui apande migomba au asipande, aezeke upya au aache. Mwenye mtaji akingoja anangoja na leseni yake; mkulima anangoja na njaa yake. Hasara hiyo haimo katika ripoti ya mchorongaji yeyote, na ni lazima tuiingize.

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 yalitaka takwimu za utafutaji ziwasilishwe kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma. Hiyo ni silaha, na silaha isiyotumiwa hushika kutu. Tunahitaji wanajiolojia wetu wazisome takwimu hizo na kuzikosoa kabla ya mkataba kutiwa saini. Tunahitaji makada wanaoweza kuieleza serikali ya kijiji tofauti ya dalili, mashapo na akiba kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kudai tarehe ya fidia kabla ya tarehe ya sherehe. Mchorongaji akimaliza kazi yake huondoka na mtambo wake. Maarifa yakiondoka naye, tutakuwa tumebaki na mashimo.